Jinsi ya kusomea ualimu wa michezo na afya Tanzania, kuanzia form four mpaka kipindi chako cha kwanza

Kila matokeo ya form six yakitoka napata meseji za wadogo zangu na karibu zote zinafanana, "dada mimi napenda sana mpira, nataka nikasomee ualimu wa michezo, naanzia wapi?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona bora niandike kila kitu sehemu moja. Mimi nafundisha PE (elimu ya viungo na michezo) na Baiolojia sekondari ya kata, huu mwaka wa saba, nimesomea hapahapa nchini, kwa hiyo ntakayosema ni ya Tanzania, walio Kenya ntawagusia kidogo huko mbele.

Kabla ya hatua yoyote jiulize hivi: ukiwa uwanjani jicho lako linamfuata nani, yule anayepiga chenga watu wanne au yule aliyekaa chini ya mwembe kawashikia wenzake sweta? Kama ni yule wa chenga peke yake basi kasomee ukocha, ni kazi nzuri na nchi inawahitaji. Mwalimu wa michezo mtu wake ni yule wa kwenye mwembe. Wa chenga atacheza hata usipokuwepo, ila wa mwembe asipokutana na wewe anaweza akamaliza shule hajawahi kukimbia kwa furaha hata siku moja. Naanza na hili maana nimeona wenzangu wameingia kwa mapenzi ya mpira wakafika darasani wakachukia kazi, walidhani wanaenda kufundisha timu kumbe wanaenda kufundisha watoto wote.

Hatua ya kwanza: masomo ya O-level na kombi

PE ni somo linalotahiniwa na NECTA (Baraza la Mitihani), lina nadharia na lina vitendo, tatizo shule zinazolifundisha ni chache, kwa hiyo kama shule yako halipo usikate tamaa, wengi tuliingia chuo hatujawahi kulisoma. Somo ambalo hutakiwi kulichezea ni Baiolojia. Nasema hivi kwa msisitizo kabisa, maana huko chuo utakutana na misuli, moyo, mapafu, mifupa na jinsi mwili unavyotengeneza nguvu, na aliyekimbia Baiolojia form two atalia semista ya kwanza. Fizikia nayo ukiipata hata D inakusaidia, kuna somo la bayomekaniki linaloongelea nguvu na mizani ya mwili, mtu akirusha tufe kwa nini linafika au halifiki.

Kwenye kombi, yaani masomo matatu ya A-level, PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) na CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) zinakuweka vizuri, ila nina wenzangu waliotoka kombi za sanaa, HGK na HKL, na wakamaliza vizuri tu, walikaa na vitabu vya anatomia usiku kucha lakini walimaliza. Zile tahasusi (kombi) mpya zilizotangazwa 2024 zipo na za michezo, kwa hiyo aliye form four sasa hivi aulize mapema shule gani wanazipokea.

Hatua ya pili: chagua mlango wa kuingilia

Kuna milango mitatu ninayoijua vizuri. Wa kwanza ni degree, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana idara kabisa ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo na wanatoa shahada ya ualimu kwenye hiyo fani. Wa pili ni vyuo vya ualimu vya serikali, Butimba kule Mwanza kwa mfano kina historia ndefu ya kulea walimu wa sanaa, muziki na michezo. Wa tatu ni Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kiko wilaya ya Kwimba, kiko chini ya wizara ya michezo, wanafundisha ukocha, uongozi wa michezo na elimu ya michezo.

Sasa hapa watu wengi wanakosea. Cheti cha ukocha au cha uongozi wa michezo sio cheti cha ualimu. Ukienda kuomba ajira ya ualimu serikalini wanaangalia kama umesoma ualimu, yaani umefundishwa namna ya kufundisha na umefanya mazoezi ya kufundisha, kwa hiyo kabla hujalipa hata shilingi mia uliza kozi yenyewe inakupa sifa ya kuajiriwa kama mwalimu au la, na uliza chuoni kwenyewe sio kwa jirani. Diploma utaanzia ngazi ya mshahara TGTS C na degree TGTS D, tofauti ya mshahara ipo ila diploma inakuingiza kazini mapema na unaweza kujiendeleza baadaye.

Kama chuo kinakuruhusu kubeba somo la pili la kufundishia, libebe. Chukua Baiolojia ukiweza, au Jiografia, au Kiswahili. Shule nyingi hazina vipindi vya PE vya kumjaza mwalimu wiki nzima, mkuu wa shule akikuona una Baiolojia anakupokea kwa mikono miwili, halafu ukishaingia ndani ndo unaanza kuipigania PE yako taratibu.

Hatua ya tatu: kuapulai na mkopo

Degree zinasimamiwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), wanatoa kitabu cha mwongozo kila mwaka kinachoonyesha kila kozi inataka nini, kipakue kwenye tovuti yao ukisome mwenyewe. Kwa ujumla unahitaji prinsipo mbili (masomo mawili ya form six uliyopata A mpaka E) zenye jumla ya pointi 4 (A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1), halafu kila kozi ina masharti yake juu ya hapo. Maombi yenyewe unatuma kwenye mfumo wa chuo unachokitaka.

Mkopo ni HESLB (Bodi ya Mikopo), unaomba kwenye mfumo wao wa OLAMS. Kitu kinachowachelewesha watu ni cheti cha kuzaliwa kuhakikiwa RITA, Zanzibar ni ZCSRA, na kama mzazi amefariki cheti cha kifo nacho vilevile. Fanya hii mapema hata kabla matokeo hayajatoka. Bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, likianza kuingia nunua raba nzuri kabla ya simu nzuri, nasema kwa upendo, miguu yako ndo kalamu yako miaka yote mitatu.

(Walio Kenya: huko ni KUCCPS, kiwango cha jumla C+ kwenye KCSE na C+ kwenye masomo mawili ya kufundishia, kisha usajili wa TSC. Kenyatta University wana idara yake ya elimu ya viungo na michezo. Na kwa mtaala wao wa CBC kule senior school kuna njia nzima ya sanaa na sayansi ya michezo, kwa hiyo walimu watatafutwa.)

Hatua ya nne: andaa mwili kabla hujafika chuo

Miezi ile ya kusubiri majibu msikae tu. Hutakiwi kuwa bingwa, ila masomo ya vitendo yanapimwa na unatakiwa uonyeshe mwenyewe: kupokezana kijiti, kuruka chini (long jump), kubingirika, kuanzisha mpira wa wavu, kuogelea. Mimi nimekulia Singida, maji mengi niliyokuwa nimeyaona ni ya bwawa la ng'ombe, nikafika chuo nikaambiwa ingia kwenye maji. Wiki mbili nzima nilikuwa nimeshika ukingo wa bwawa kama mtoto kashika kanga ya mama yake. Kilichonitoa ni mwalimu mmoja aliyeniambia niache kuogelea, nizamishe uso tu na kupuliza mapovu, siku ya kwanza mara kumi, siku ya pili ishirini, ya tatu niachie mkono mmoja. Nikaelea wiki ya nne. Nimekuja kugundua baadaye kwamba lile ndo lilikuwa somo kubwa kuliko yote niliyopata pale, maana kila mtoto anayeogopa mpira ninamfundisha vilevile, namtafutia kipande kidogo kabisa ambacho hawezi kushindwa.

Anza kukimbia dakika 12 bila kusimama, mara tatu kwa wiki, upime umeenda umbali gani. Hicho ni kipimo alichokitoa daktari Mmarekani Kenneth Cooper mwaka 1968 na utakikuta chuo, ukishakizoea nyumbani hakikutishi.

Hatua ya tano: darasani kule chuo

Usidharau nadharia. Watu wanadhani PE ni bukta na filimbi, wanashika sup (mtihani wa marudio) ya fiziolojia mwaka wa kwanza mpaka wengine wanakeri, yaani wanalirudia somo mwaka unaofuata. Kuna anatomia, fiziolojia ya mazoezi, saikolojia ya michezo, lishe, huduma ya kwanza, historia ya michezo, utawala wa michezo, na juu yake masomo ya ualimu yenyewe, mtaala, upimaji, malezi.

Njia yangu ya kusoma ilikuwa kuujaribu mwili wangu kila nilichosoma. Tukisoma mapigo ya moyo nashika mkono usiku kitandani nahesabu sekunde 15 nazidisha kwa 4, asubuhi nahesabu tena kabla sijainuka, nikishuka ngazi, nikimaliza kukimbia. Kuna ule ukokotoaji wa 220 ukitoa umri, mtoto wa miaka 15 mapigo yake ya juu kabisa ni kama 205 kwa dakika, ni makadirio tu lakini ukishayajua unaweza kumwangalia mtoto uwanjani ukajua huyu ana nafasi ya kuongeza au huyu apumzike.

Hatua ya sita: jifunze kuchora kiwanja kwa kamba

Hapa ntakaa kidogo maana hakuna aliyeniambia na ndo kitu ninachokitumia kila mwaka. Shule nyingi utakazopangiwa hazina kiwanja, zina eneo. Ukijua kuchora, eneo linakuwa kiwanja kwa asubuhi moja.

Hifadhi kichwani vipimo hivi: mpira wa wavu mita 18 kwa 9, netiboli 30.5 kwa 15.25, mpira wa mikono 40 kwa 20, kikapu 28 kwa 15. Mlingoti wa netiboli pete iko juu mita 3.05. Nyavu ya mpira wa wavu iko juu mita 2.43 kwa wanaume, 2.24 kwa wanawake.

Chukua kamba ya katani au ya nailoni, pima na ufunge mafundo mita 3, kisha 4, kisha 5. Vuta iwe pembetatu, vijana watatu kila mmoja ashike fundo lake, ile kona ya kati ya 3 na 4 ndo pembe mraba yako. Chomeka vigingi vya mti kwenye kona, endelea mpaka kona nne, halafu pima toka kona moja kwenda ya mshazari, kwenye wavu lazima upate mita 20.12 pande zote mbili, netiboli kama 34.10. Zikitofautiana kiwanja chako kimelala upande, rekebisha kabla hujamwaga chokaa. Chokaa ikikosekana majivu ya jikoni la shule yanatosha, au chimba mtaro mwembamba wa vidole viwili kwa jembe, huo unadumu hata mvua ikinyesha. Mlingoti wa netiboli mimi nilitumia mti wa mlonge mwaka wa kwanza, pete alinikunjia fundi wa kuchomelea kwa nondo.

Na wale watoto wanaokimbia hesabu utawaona wanabishana kuhusu 34.10 wenyewe. Mwalimu wa Hesabu wa shule yangu sasa anakuja kuniomba kiwanja kwa ajili ya Pythagoras.

Hatua ya saba: upande wa afya, usiufanye kiporo

Mwalimu wa PE ndo mtu wa afya pale shuleni, upende usipende. Mtoto akianguka kifafa wanaita wewe. Binti akipata hedhi ya kwanza katikati ya kipindi anakuja kwako, kwa hiyo weka pedi na kanga kwenye kabati siku zote, na ukiwa mwalimu wa kiume tafuta mapema madam mmoja mkubaliane. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate angalau dakika 60 za kuushughulisha mwili kwa siku, wewe una dakika 80 kwa wiki ukibahatika, kwa hiyo sehemu ya kazi yako ni kuwapa kitu cha kwenda kufanya nyumbani, na tunavyo tele, rede, kombolela, kuruka kamba, mchakamchaka wa asubuhi.

Siku ya kwanza kabla hujawatoa nje uliza nani ana pumu, nani ana ugonjwa wa moyo, nani ana selimundu (sickle cell), nani ana kifafa, na usiwaulize mbele ya wenzao, waandike kwenye karatasi wakunje. Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu duniani. Mtoto wa selimundu asikimbizwe juani, asinyimwe maji, asilazimishwe kumaliza mbio kwa sababu wenzake wamemaliza. Anacheza, ndiyo, anacheza kwa kipimo chake na anapumzika akisema amechoka, na wewe unamwamini.

Kifundo cha mguu kikiteguka usikubali mtu akichue. Najua nyumbani tumezoea maji ya moto na kuchua kwa nguvu mpaka mtu analia, lakini siku mbili za mwanzo hiyo inaongeza uvimbe. Weka baridi, funga bandeji isiyobana sana, inua mguu. Barafu utatoa wapi shule ya kata? Mimi naenda kwa mama anayeuza barafu za ubuyu getini, nachukua mbili, nazifunga kwenye kitenge, dakika 15 hivi juu ya kifundo, natoa, narudia baadaye. Kama mtoto hawezi kabisa kukanyaga hatua nne, au mfupa unauma ukiubonyeza, huyo ni wa hospitali akapigwe picha.

Jifunze pia kukandamiza kifua mtu akianguka na hapumui, mara 30 kisha pumzi 2, kasi ya mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Fanya kwenye mdoli mpaka mikono iume, sio kusoma kwenye notisi tu.

Na kitu kingine, naomba sana. Usitumie mazoezi kama adhabu. Kichurachura, pushapu hamsini, kuzunguka uwanja kwa sababu amechelewa. Mwalimu wa historia akimwadhibu mtoto hamwambii asome historia zaidi, sisi kwa nini tunaligeuza somo letu kuwa kiboko? Mtoto akishajua kukimbia ni adhabu, hakimbii tena akiwa mtu mzima, na huyo ndo unamkuta ana miaka arobaini ana presha na sukari na daktari anamwambia fanya mazoezi anaona kama anahukumiwa.

Hatua ya nane: BTP (mazoezi ya kufundisha)

Mazoezi ya kufundisha yanakuja na ndo kipimo chenyewe. Mimi kipindi changu cha kwanza nilikuwa na form two 68, mpira mmoja wa kikapu unaodunda na mwingine unaovuja. Nilikuwa na andalio la somo limenyooka, nikawapanga mstari, kila mmoja anakuja anadunda mpaka kwenye koni anarudi. Nikaona kimeenda vizuri, hakuna fujo, hakuna aliyeumia. Mwalimu msimamizi alikuwa amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, akanionyesha daftari lake. Alikuwa amechagua binti mmoja tu mwenye soksi nyeupe, akamhesabia kipindi kizima. Yule binti aligusa mpira mara mbili, dakika 31 alikuwa amesimama.

Sikulala. Kesho yake mchana nikakaa na vijana watatu tukatengeneza vifaa, mipira saba ya makaratasi na mifuko iliyofungwa kwa kamba, soksi chakavu tukajaza mchanga zikawa za kurushiana, tairi nne za bodaboda za kurukia, kamba za katani za kuruka. Kipindi kilichofuata makundi nane, watu nane au tisa kila kundi, kila kundi kituo chake, filimbi ikilia mnahama. Kelele zilikuwa nyingi mpaka mwalimu wa zamu akaja kuchungulia. Yule binti wa soksi nyeupe nilimhesabia mwenyewe, nikafika mara arobaini na kitu nikapoteza hesabu.

Kwa hiyo kwenye andalio lako, kabla hujaandika lengo, andika hii: mtoto mmoja atagusa kifaa mara ngapi? Anza na kupasha mwili moto, weka shughuli kuu, malizia kwa kupoza mwili, na kila kituo kiwe na njia rahisi na njia ngumu ya kufanya kitu kilekile. Ukimsaidia mtoto kwenye kubingirika mwambie kwa sauti unamshika wapi kabla hujamshika, bega, mgongo wa juu, basi. Wasichana wenye hijabu au wanaotaka kuvaa traki chini ya sketi waache wavae, usimpoteze mtoto kwa sababu ya bukta.

Hatua ya tisa: ajira na mhula wa kwanza

Serikalini unaomba Ajira Portal, siku hizi walimu wanafanyiwa usaili kwa hiyo usiweke daftari zako za chuo darini, zisome. Shule binafsi nazo zinatafuta, hasa za mchepuo wa Kiingereza. Na kwa mtaala mpya ulioanza 2024 shule za msingi zina somo la Sanaa na Michezo, zamani lilikuwepo Haiba na Michezo na kipindi chake mara nyingi kilikuwa kinaliwa na Hesabu, kwa hiyo aliye diploma asiidharau msingi, huko ndo mwili wa mtoto unajengwa.

Ukiripoti, wiki ya kwanza mwone mwalimu wa taaluma kwa adabu, umwombe vipindi viwili viwe pamoja na viwe asubuhi, maana saa nane mchana jua la Singida au Shinyanga sio la kukimbiza mtoto aliyekula uji saa nne. UMISSETA (mashindano ya michezo ya sekondari) ikija watakukabidhi timu, ipokee, ifundishe kwa moyo wote, ila usikubali timu hiyo imeze vipindi vya wengine.

Halafu nunua daftari kubwa, majina yote ya darasa, uwapime mwezi wa kwanza: wamekimbia mita ngapi kwa dakika 12, wameruka chini sentimita ngapi, wamerukia kamba mara ngapi bila kukosea. Usiwasomee kwa sauti, kila mtoto aone mstari wake tu. Mwezi wa tano uwapime tena, na uanze na yule wa kwenye mwembe.